Kifaa cha kunyamazisha mbwa wa jirani kinafanya kazi kweli?
Wasee naombeni ushauri. Huku Umoja, Nairobi, jirani wa ploti ya pili ana mbwa anabweka usiku kucha mpaka adhana ya alfajiri, nikimwambia mwenyewe anacheka tu eti hiyo ndio sekyuriti. Sasa kuna kijana wa pale Luthuli Avenue ananiuzia kifaa cha sauti nyembamba sana ya kilohezi 25, binadamu mwisho ni 20 kwa hivyo sisi hatusikii lakini mbwa anasikia anaachana na kelele. Shida katikati kuna ukuta wa mawe na sauti kama hiyo haipenyi ukuta, nikikiweka juu itasaidia ama ni pesa ya bure? Na paka wangu je, si naye atasikia? Mambo ya sumu msiniambie. Ama niende tu NEMA, wale wa mamlaka ya mazingira, na zile sheria za kelele za 2009?