Msambazaji mkubwa akitukataza kuuza vinywaji vya mwingine

Muuliza (Ngamiani, Tanga):
Ndugu wanajukwaa, salaam. Msambazaji mkubwa wa soda ametuonya wenye maduka kwamba tukiuza za mshindani wake atachukua jokofu lake na kutunyima mzigo. Je, sheria inamruhusu?

Jibu la kwanza:
Ndugu yangu, ukubwa peke yake si kosa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, kifungu cha 10, inamkataza mwenye nguvu kubwa sokoni kuitumia ikiwa lengo au matokeo yake ni kudhoofisha ushindani. Ilipotungwa, iliweka kigezo cha zaidi ya asilimia 35 ya soko, pamoja na uwezo wa kubana ushindani kwa muda mrefu huku akipata faida.

Jibu la pili:
Jokofu ni mali yake, na kukataa lisiwekwe soda za wengine kunaweza kuelezeka. Lakini kukunyima mzigo kwa sababu ya kilichopo kwenye rafu yako mwenyewe ni jambo zito zaidi, na linaniudhi kweli. Andika malalamiko kwa Tume ya Ushindani.

Muuliza:
Ahsanteni. Onyo lilitolewa kwa mdomo tu.

Jibu la pili:
Basi wenzako wa Barabara ya 12 walioambiwa hivyo hivyo waandike maelezo yao, na mtunze ankara zote.