Binti yangu anasuswa shuleni, je huu ni uonevu?

Mama Newala: Habari za usiku wakuu. Binti yangu yuko kidato cha pili Mtwara mjini. Hajapigwa wala kuporwa kitu. Wenzake wamemsusa: akikaa wanainuka, akijibu swali wanaguna, na kwenye grupu lao la WhatsApp wanamwandika na kumcheka. Amekonda. Mwalimu anasema ni mambo ya wasichana, yatapita. Au namdekeza?

Korosho Ghafi: Watoto wa siku hizi! Sisi Masasi tulifulia kaka wakuu mashati, tukalambwa makofi, na tumekuwa watu.

Mwana Mikindani: Mkuu, miaka yote hiyo na makofi bado unayakumbuka.

Mwalimu Mstaafu: Mama, huo ni uonevu. Dan Olweus, aliyeanza kuuchunguza uonevu wa shuleni miaka ya 1970, alitazama mambo matatu: wanakusudia, wanarudia, na anayefanyiwa hana nguvu ya kujitetea. Kupigwa si lazima. Kofi mwalimu ataliona, kususwa hakuoni hata kukifanyika dawati la mbele. Analala bweni?

Mama Newala: Kwa ndugu.

Mwalimu Mstaafu: Ndugu gani?

Mama Newala: Kwa kaka mkubwa wa mume wangu. Sikutaka kulisema hili. Anayeongoza wenzake ni binti yao, wanalala chumba kimoja. Na ada analipa shemeji. Nimeshakata tiketi, Jumamosi namfuata, shule ya huku nimeshaongea nao. Msiniambie nisubiri.

Bibi Shangani: Kumbe! Mwanangu, hilo ndilo la kuanza nalo. Mchana yule, usiku yule, mtoto atapumulia wapi? Ila ukimwondoa kimyakimya, ukoo utasema mwanao ndiye mkorofi. Baba yake anajua?

Mama Newala: Bado. Yuko kwenye minada ya korosho. Akijua atampigia kaka yake, nami nitaitwa sina shukrani.

Mzee wa Kilwa: Hii chai, tena imekolea tangawizi. Wewe uko Newala, ya kwenye grupu umeyasomaje?

Mama Newala: Likizo ya Juni walikuja wote wawili. Yule binti anatumia simu ya mama yake, aliiacha kwenye chaji nikasoma. Mwanangu hana simu kabisa. Wanamwandika mahali asipoweza kujibu.

Mzee wa Kilwa: Bado naonja tangawizi.

Mwana Mikindani: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza uonevu wa mtandaoni. Peleka dawati la jinsia na watoto, polisi.

Korosho Ghafi: Ndugu wa damu wapelekane polisi kwa kununiana?

Mwalimu Mstaafu: Piga 116 kwanza, ni namba ya huduma kwa mtoto, haina malipo. Na mumeo asisikie habari hii kwa kaka yake.

Mama Newala: 116 nitapiga asubuhi. Mume wangu nitamwambia Ijumaa akirudi. Tiketi sirudishi.