Kipa wangu anapotea kwenye krosi: ninunue ile miwani ya mazoezi?

Kipa_Mstaafu (Jinja)
Habarini wadau. Nafundisha makipa wa timu ya vijana hapa Walukuba. Nina kijana wa miaka 16, mrefu, viganja kama koleo, penalti anazidaka akicheka. Shida ni krosi za juu, hasa zikitoka kushoto kwake: anaruka mapema au anachelewa, mpira unampita juu ya vidole. Jumapili tumefungwa mabao mawili ya aina hiyo hiyo, na wazee wa pale kwenye kibanda cha rolex (chapati za mayai) wameshaamua awe beki.

Sasa kuna bwana mmoja kaja na miwani ambayo vioo vyake vinafumba na kufumbua haraka haraka, pamoja na programu ya simu ya kugusa nukta zinazotokea. Eti wiki sita tu na kipa anakuwa paka. Anataka laki saba na nusu, yaani mipira na glovu zangu za mwaka mzima. Nani amejaribu?

Dada_wa_Macho (Mbale)
Mwalimu, huyo mtoto amewahi kupimwa macho? Niko kliniki ya macho, na wachezaji wengi tunaoletewa hawajawahi kusimama mbele ya chati ya herufi. Jicho moja likiwa dhaifu mwenyewe hajui, maana zima linabeba kazi yote. Anasoma, anavuka barabara. Lakini kukadiria mpira wa juu uko umbali gani, hapo macho mawili yanatakiwa kushirikiana.

Kesho afunike jicho moja kwa kiganja, asilibonyeze, asome namba ya boda iliyoegeshwa mbali. Kisha jicho la pili. Halafu tafuta kamba ya mita tatu, tia shanga tatu za rangi, funga ncha moja kwenye mlingoti, nyingine aishike puani. Akikazia macho shanga ya katikati, aone kamba mbili zikikatana pale pale. Akiona moja tu, kuna jicho ambalo ubongo umelizima. Inaitwa kamba ya Brock, nasi kliniki tunaitumia.

Ova_Moja (Kampala)
Nilipiga kriketi uwanja wa Lugogo miaka mingi. Kocha wetu mmoja alituletea hizo nukta. Nikawa bingwa wa nukta, na wiketi zangu, vile vijiti ninavyolinda, zikaendelea kuanguka kama kawaida.

Mpigaji mzuri hafuati mpira kwa macho njia nzima. Anautazama ukitoka mkononi mwa mrushaji, kisha macho yanatangulia kuungoja pale utakapodunda. Ndiyo maana Frank Nsubuga, mrushaji wa Uganda, akiwa na miaka 43, aliwapa Papua New Guinea mikimbio 4 tu kwa ova 4 (mipira 24) kwenye Kombe la Dunia la T20 mwaka 2024. Mipira yake ni ya polepole! Kasi ya macho haikuwasaidia kitu, walishindwa kumsoma.

Penalti ni hivyo hivyo. Mita 11, shuti la kilomita 100 kwa saa linafika kabla ya nusu sekunde, na karibu sehemu ya tano ya sekunde imekwisha kabla mwili haujaanza kujibu. Kijana wako anasoma mguu wa kusimamia na nyonga. Basi mfundishe kusoma na krosi: mpira ukiondoka tu mguuni afumbe macho, aonyeshe kwa kidole utakapoangukia. Rudia mara ishirini kila jioni. Haina malipo.

Kipa_Mstaafu (Jinja)
Nimerudi. Boda ilikuwa chini ya mwembe, ng'ambo ya uwanja. Kwa jicho la kulia alisoma herufi zote bila kusita. Akafunika la kulia, akanyamaza, akakaza uso, mwisho akasema: "Mwalimu, ile ni pikipiki?" Miaka miwili niko naye! Nilipomuuliza mbona hakuwahi kusema, akajibu alidhani kila mtu ana jicho la kuonea na jingine la akiba.

Kamba nayo nimeifunga kwenye goli (mke wangu bado anauliza shanga zake ziko wapi). Anaona moja tu. Alhamisi nampeleka kliniki. Dada, wakisema jicho haliponi, ukipa ndio basi?

Dada_wa_Macho (Mbale)
Usimtangulie daktari. Huenda anahitaji miwani tu, na uwanjani akavaa lenzi za kuweka machoni. Kama ni jicho lililozembea tangu utotoni, kwa umri wake ni kazi ngumu zaidi, lakini waache wapime kwanza.

Ova_Moja (Kampala)
Na mwambie habari za Gordon Banks, kipa wa Uingereza waliotwaa Kombe la Dunia 1966. Ajali ya gari ya 1972 ilimwondolea uwezo wa kuona kwa jicho la kulia, na mwaka 1977 alikuwa Marekani akidakia timu ya Fort Lauderdale.

Kipa_Mstaafu (Jinja)
Nimemwambia. Kauliza kama Banks alikuwa anadaka krosi za upande gani. Yule bwana wa miwani amepiga simu mara tatu leo, sijapokea.