Viwanja vya besiboli na mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili: treni ya Mashariki, Chicago na Milwaukee, au Cincinnati na St. Louis?

Mama Neema (Louisville)

Hamjambo ndugu zangu. Naomba mawazo yenu kabla hatujalipia chochote.

Mume wangu aliletwa Kentucky akiwa na miaka tisa, familia yao ikitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma. Kiingereza hakuwa nacho. Jirani akampa glavu kuukuu ya besiboli, na kuanzia siku hiyo akapata marafiki. Ndoto yake ni kumpeleka mwanawe kwenye viwanja alivyokuwa akiviona kwenye televisheni. Mtoto tumempata, Neema, na atatimiza miaka 2 tarehe 20 Julai. Safari tumeipanga Agosti, siku tisa. Tutakuwa wanne, pamoja na mama mkwe, ambaye magoti hayamruhusu kupanda ngazi nyingi.

Njia ya kwanza ndiyo ya mume: ndege hadi Boston, halafu treni kushuka New York, Philadelphia, Baltimore na Washington. Viwanja vitano, akianzia Fenway Park uliofunguliwa 1912, mkongwe kuliko vyote vya ligi kuu. Ya pili ni gari letu hadi Chicago kuona Wrigley Field, kisha Milwaukee. Ya tatu ni ya karibu: Cincinnati, kama kilomita 160 tu, halafu St. Louis.

Moyoni naona viwanja vitano ni vingi, lakini sijui nimwambieje. Aliyewahi kwenda mechini na mtoto wa umri huu anieleze ukweli.

Baba Pacha (Philadelphia)

Shemeji, treni usiikatae bure. Pacha wangu tuliwapitisha kipande cha njia hiyo wakiwa na miaka miwili na ushee. Mtoto anatembea ndani ya behewa, choo kipo, hakuna kumfunga kitini saa nzima akilia. Boston hadi New York ni saa nne hivi, New York hadi hapa kwetu saa moja na nusu, hapa hadi Baltimore saa moja na kidogo, Baltimore hadi Washington dakika 40. Na ukishafika, kila uwanja una treni ya mjini inayokushusha karibu na geti.

Kinachoua ni vitanda. Miji mitano ni vitanda vitano ndani ya siku tisa. Wangu kila walipobadilishiwa chumba walilala saa tano usiku, wakaamka saa kumi na moja alfajiri. Siku ya tatu tulikaa uwanjani hakuna hata mmoja wetu anayeangalia mchezo, nami ni mtu ninayependa mchezo huu.

Fenway naupenda mno, ila nisikudanganye. Viti vingi chini ya paa ni vya mbao, vyembamba, magoti yanagusa kiti cha mbele, na ukikaa nyuma nguzo inaweza kuwa katikati ya macho yako na mtupaji. Mtu mzima anavumilia kwa sababu anajua yuko wapi. Mtoto wa umri wa Neema anataka mahali pa kushuka chini akimbie. Na bibi yake anataka mahali pa kunyoosha mguu.

Mkishikilia Mashariki, fanyeni hapa na Baltimore basi. Hapa yupo Phanatic wa timu yetu, mtu aliyevaa kama dude la kijani lenye pua kama tarumbeta, anayecheza na watoto tangu 1978. Baltimore kuna Camden Yards, uliofunguliwa 1992 kando ya ghala refu la matofali lililokuwa la kampuni ya reli. Baada ya huo ndipo miji mingi ikaanza kujenga upya viwanja vya sura ya zamani katikati ya mji. Baba Neema ataelewa kwa nini watu wanausifu.

Muuguzi Akinyi (Minneapolis)

Mama Neema, kabla ya kuchagua mji, angalia tena tarehe. Akiwa chini ya miaka 2, ndani ya Marekani anapakatwa kwenye ndege bila nauli. Kwenye treni za Amtrak ni hivyo hivyo, na kuanzia miaka 2 hadi 12 analipa nusu. Viwanjani kila klabu ina kanuni yake, lakini nyingi zinamruhusu mtoto wa chini ya miaka 2 akae mapajani bure. Mkienda Juni, Neema hana tiketi hata moja. Mkienda Agosti mnalipia wanne karibu kila mahali, tena kwa mtoto ambaye hata hivyo atashinda mapajani.

La pili ni masikio. Mpira ukipigwa ukavuka uzio, viwanja vingi hulipua fataki papo hapo, na Ijumaa usiku mara nyingi kuna fataki nyingine baada ya mechi. Mnunulie vile viziba masikio vinavyovaliwa kama hedifoni, na mumzoeze nyumbani wiki mbili kabla. Siku ya kwanza atavivua tu.

La tatu ni mahali pa kukaa, na hapa nasema kama muuguzi. Mpira ule ni mgumu, na ukitoka kwenye gongo unaweza kwenda zaidi ya kilomita 160 kwa saa. Tangu 2018 viwanja vyote 30 vya ligi kuu vimerefusha nyavu hadi mwisho wa vibanda vya wachezaji. Kaeni nyuma ya wavu, au juu kabisa. Usikubali viti vya chini pembeni ambako wavu umeisha, hata kama bei inavutia. Mwenye mtoto mapajani hawezi kuinuka akakwepa.

Na usiogope urefu wa mechi kama zamani. Tangu 2023 mtupaji anahesabiwa sekunde kwa saa ya uwanjani, na mechi ya awamu tisa (awamu moja ni kila timu kupata zamu yake ya kupiga) iliyokuwa ikizidi saa tatu imeshuka hadi karibu saa mbili na dakika arobaini. Kwa mtoto, zile dakika ishirini na kitu ndizo tofauti ya kuondoka akicheka na kuondoka akipiga mayowe.

Mzee Kilua (St. Louis)

Binti yangu, njia yako ya tatu ina kasoro moja: Cincinnati iko kaskazini mashariki kwenu, sisi tuko magharibi. Nyumba yenu ndiyo iliyo katikati. Hizo ni wikiendi mbili, si safari moja, na mnaweza kuzifanya mwaka wowote.

Mji wangu ni mzuri kwa mtoto. Bustani ya wanyama kuingia ni bure, treni inasimama mlangoni mwa uwanja wetu, Busch Stadium, na ukikaa nyuma ya mpigaji unaliona lile tao la mji, Gateway Arch, la mita 192, limesimama nyuma ya uwanja. Ila Agosti hapa joto halina huruma. Bibi na mtoto wataumia. Njooni Mei.

Jambo jingine: mmewahi kumpeleka Neema hata mechi moja hapo hapo Louisville? Timu yenu ya daraja la pili, Bats, inacheza katikati ya mji, tiketi ni nafuu, na akichoka mko nyumbani baada ya dakika chache. Mjaribuni huko kwanza. Mtoto akikataa awamu tatu za Louisville, Boston haitambadilisha.

Mama Neema

Mzee shikamoo, na asante. Hilo la Louisville hatukuliwaza kabisa, tulikuwa tunaitazama mbali tu. Akinyi, umenifumbua macho kuhusu tarehe. Kuna mtu wa Chicago?

Dada Rehema (Chicago)

Nipo, wifi. Nimechelewa kwa sababu nilitaka kuandika vizuri.

Anza na saa. Chicago iko nyuma ya Louisville kwa saa moja. Mechi ya usiku inayoanza saa moja na dakika tano, kwa mwili wa Neema ni saa mbili na dakika tano, yaani wakati ambao angekuwa amelala. Kwa hiyo kwenu mechi za usiku zifuteni. Na hapo ndipo Wrigley unapowafaa kuliko viwanja vingi, kwa sababu ulifunguliwa 1914 na haukuwekewa taa hadi 1988. Mpaka leo mechi za mchana ni nyingi, na Ijumaa Cubs, timu ya Wrigley, wakiwa nyumbani kwa kawaida wanaanza saa saba na dakika ishirini mchana.

Siku yenyewe mimi naipanga hivi na wanangu. Asubuhi bustani ya wanyama ya Lincoln Park, bure, hakuna tiketi, mtoto anakimbia mpaka anachoka. Saa tano anakula, analala kwenye kigari mkielekea uwanjani. Treni ya mjini ya njia nyekundu inasimama Addison, kituo kina lifti, na ukitoka nje uwanja uko mbele yako. Mama mkwe hatapanda ngazi hata moja mpaka getini. Ndani, mnapochagua viti, tafuteni vile vilivyotengwa kwa wenye shida ya kutembea. Msione aibu kuviomba, magoti ya mama ndiyo hasa yaliyokusudiwa. Baba Pacha kasema kweli kuhusu nguzo za Fenway, na hapa pia zipo. Viti vya nyuma vya ghorofa ya chini vina kivuli kizuri lakini vina nguzo, kwa hiyo tazama picha ya kiti kabla ya kulipa.

Ukuta wa nyuma umefunikwa mtambaa wa kijani. Mwanangu wa kwanza alidhani ni shamba.

Baada ya hapo pumzikeni siku nzima. Msiende popote zaidi ya ziwani. Kisha Milwaukee, kilomita 145 hivi, na mnaweza kulala huko huko usiku mmoja au miwili. Uwanja wao ulifunguliwa 2001 na una paa linalofungwa. Msilidharau hilo. Mwaka juzi tulikuwa uwanja mmoja usio na paa, mvua ikashuka awamu ya pili, tukakaa korido saa mbili na mtoto wa miezi kumi na minane, pampasi zikaisha, mwisho wakatangaza mechi imeahirishwa. Milwaukee mnajua hakika mechi itakuwepo.

Tena kuna kitu ambacho mama mkwe atakipenda. Uwanja umezungukwa na maegesho makubwa, na watu wanafika mapema na majiko yao, wanachoma nyama nyuma ya magari, watoto wanarushiana mipira. Moshi ule ukikupiga puani, unajiona uko kwenu. Ndani, katika awamu ya sita, watu waliovaa kama soseji kubwa wanashindana mbio, na timu ya nyumbani ikivusha mpira uzio, Bernie Brewer, mtu wao wa kuchangamsha watu mwenye masharubu ya njano, anateleza kutoka kibanda chake cha juu. Neema hataelewa besiboli, lakini mtu anayeteleza atamwelewa. Kwa wasiokula nguruwe, ulizeni kabla ya kununua, soseji nyingi ni za nguruwe.

Mkoba wa mtoto wanaruhusu, ila angalieni vipimo kwenye tovuti ya kila klabu. Na mkifika, nendeni dawati la wageni muombe cheti cha mechi ya kwanza. Klabu nyingi huandika jina la mtoto na tarehe, bure.

Kato (Kampala)

Baba Neema, usijali kuhusu Mashariki, itakusubiri. Neema akifika miaka minne au mitano, mpeleke Williamsport, Pennsylvania, mwezi wa Agosti, kwenye fainali za dunia za watoto. Kuingia ni bure, na kuna kilima cha nyasi ambacho watoto wanateleza juu ya maboksi siku nzima. 2012 vijana wetu wa Lugazi walicheza pale, timu ya kwanza kutoka Afrika. Hapa Uganda tunaikumbuka mpaka leo.

Baba Neema

Mke wangu amenipa simu nisome mwenyewe. Aksanti sana kwenu wote.

Kato, hao vijana wa Lugazi niliwaangalia sebuleni na marehemu baba. Alikuwa haujui mchezo, lakini alisimama wima. Sitasahau.

Nakiri niliandika viwanja vitano kwa sababu nilivihesabu tangu utotoni, sikumhesabu Neema. Fenway nitaenda. Mama amesema Chicago, kwa sababu ya ile nyama ya maegesho. Nimekubali.

Mama Neema

Basi tumefikia hapa, mnisahihishe. Wikiendi ya kwanza ya Mei, mechi ya mchana hapa Louisville na vile viziba masikio. Akiweza awamu nne, tunalipia. Juni kabla hajatimiza miaka 2, gari hadi Chicago na kusimama Indianapolis njiani kula na kumkimbiza. Usiku nne Chicago, Wrigley siku ya Ijumaa mchana. Usiku mbili Milwaukee, mechi ya Jumapili mchana. Siku zinazobaki, nyumbani. Swali la mwisho kwa Rehema: Milwaukee twende na gari au treni?

Dada Rehema

Treni ni dakika tisini na ni nzuri, lakini uwanja uko mbali na stesheni, na jiko huwezi kubeba. Njooni na gari. Jiko ninalo, dogo la mkaa. Mpitie kwangu Jumamosi asubuhi mlichukue, na mama mkwe mwambie nitamwekea pilipili ya kukaanga.