Re: Kofia ya nyota kazini, nimekosa nini?

Mgeni wa Maryland aliandika:

Shikamooni wakubwa, wengine mambo. Jamani nieleweshwe. Nina miezi minne tu hapa, nafanya shifti ya asubuhi kwenye nyumba ya wazee. Juzi baridi ilikuwa kali nikavaa kofia ya sufu ya mitumba, nilinunua dola 3, bluu na kijivu ina nyota kubwa mbele. Naingia chumba cha kwanza, babu mmoja kajifunika blanketi la rangi ya damu ya mzee, kagoma kunywa dawa eti mpaka nivue hicho kitu. Chumba cha pili bibi mmoja mweusi kaniona kacheka mpaka miwani ikamdondoka, ananiambia usivue mwanangu. Sasa nimsikilize nani? Supavaiza naye anatingisha kichwa tu.

Mzee wa Silver Spring akajibu:

Marahaba binti. Umevaa jezi ya Yanga ukaenda nayo Msimbazi, ndo ulichofanya. Nyota ni ya Dallas Cowboys, timu ya futiboli ya Kimarekani (ile ya kurusha mpira kwa mkono), na damu ya mzee ni rangi ya timu ya hapa Washington. Mji na mji ni zaidi ya maili 1,000 lakini wanachukiana kama wanachota maji kisima kimoja, na chuki yenyewe ilianzia kwenye wimbo.

Ilikuwa hivi. Mwenye timu ya Washington aliitwa George Preston Marshall, aliihamisha kutoka Boston 1937, na watu wa majimbo ya kusini ndo walikuwa wateja wake wa redio na TV. Akatokea tajiri wa mafuta wa Dallas, Clint Murchison, anataka timu yake, Marshall akakaza hataki kugawana soko, na bila kura za wenye timu hupati timu. Sasa Marshall alikuwa kagombana na mwanamuziki aliyetunga muziki wa wimbo wa timu (maneno katunga mke wake Marshall mwenyewe!), yule bwana kwa hasira akauza haki za wimbo kwa upande wa Murchison. Murchison akamwambia Marshall unautaka wimbo wako? Basi lete kura. Kura ikapatikana, Januari 1960 Dallas wakaingia ligi. Desemba 1961 kuna watu wa upande wa Dallas waliingiza matenga ya kuku uwanjani Washington kwa siri wawaachie kwenye shoo ya Krismasi ya mapumziko, bahati yake Marshall kuku wakagunduliwa mapema.

Ila kicheko cha bibi yako si cha kuku. Marshall hakutaka mchezaji mweusi, timu nyingine zote zilishasajili yeye bado, mpaka 1962, na hata hapo serikali ya Kennedy ilimbana kwa sababu uwanja mpya ulikuwa kwenye ardhi ya serikali. Ndipo akaja Bobby Mitchell. Dallas mwaka wao wa kwanza tu, 1960, tayari walikuwa na wachezaji weusi. Wewe ni familia nyeusi hapa DC, timu ya mji wako haikutaki, utashangilia nini? Watu wengi wakashika nyota, wakarithisha watoto mpaka wajukuu. Wapo watakaokuambia walifuata ushindi tu wa miaka ya 70 na 90, nao hawasemi uongo.

Na kitu kimoja, lile jina la zamani la timu usilitaje kazini hata ukilisikia kwa wazee, ni tusi kwa wenyeji asilia, waliliacha 2020 na toka 2022 wanaitwa Commanders.

Dada wa Dallas akajibu:

Mzee shikamoo, umeruka utamu! Sikukuu ya Shukrani (Thanksgiving, ya Novemba) 1974 tunacheza na Washington, kwotabaki wetu, yaani mrushaji mkuu wa mpira, Roger Staubach kaumia, tuko nyuma 16 kwa 3, akaingizwa kijana mgeni Clint Longley ambaye hata sisi tulikuwa hatumjui, zikiwa zimebaki sekunde 28 akarusha mpira yadi 50 kwa Drew Pearson, tukashinda 24 kwa 23. Halafu 1989 tulishinda mechi MOJA msimu mzima, na tulimfunga nani? Washington, kwao, 13 kwa 3. Binti, Dallas wanacheza kila Alhamisi ya Shukrani, kama unataka kubadilishana shifti omba mapema, dakika za mwisho humpati mtu.

Mzee wa Silver Spring akajibu:

Marahaba, ila 31 Desemba 1972 mbona umeisahau? Tuliwafunga 26 kwa 3, tukaenda Super Bowl (fainali ya ligi) nyinyi mkarudi nyumbani. Kombe la mwisho sisi msimu wa 1991, nyinyi 1995, kwa hiyo sote tutulie.

Mgeni wa Maryland akajibu:

Asanteni sana. Leo kofia niliiweka mfukoni, nikamwambia babu "26 kwa 3", akanikazia macho, akameza vidonge vyote viwili bila maji, akaanza kunihadithia 1972 mpaka nikachelewa chumba cha pili. Bibi kaniuliza kofia iko wapi nikamtolea mfukoni, kaivaa yeye, kaninyima. Kwa hiyo natafuta kofia nyingine, yeyote mwenye ya sufu isiyo na alama yoyote anijulishe, baridi bado.