Njia ipi ya kutengeneza alkeni: kuondoa maji kwenye alkoholi, au Wittig?

Chipukizi_Maabara
Habari zenu, ndugu wanajukwaa. Nahitaji kutengeneza alkeni (hidrokaboni yenye bondi maradufu kati ya kaboni mbili) kwa ajili ya mradi wangu wa mwisho wa shahada, na wiki hii ni lazima niwasilishe orodha ya kemikali za kununuliwa. Nimebakiwa na njia mbili: kuiondolea alkoholi maji kwa asidi, au kutumia mmenyuko wa Wittig, ambapo kitendanishi cha fosforasi huondoa oksijeni ya ketoni na kuweka kaboni yenye bondi maradufu mahali pake. Ya kwanza naiona rahisi, ya pili inasifiwa sana vitabuni. Ninyi mngechagua ipi?

Mzee_wa_Kukeneka
Ndugu yangu, swali lako halijibiki lilivyo. Ni alkeni gani? Bondi maradufu unaitaka ikae wapi? Mkononi una nini cha kuanzia, na unataka gramu ngapi? Ukishatueleza hayo, huenda mojawapo ya njia zako ikajitoa yenyewe.

Zumaridi
Naungana na Mzee, na nakusihi usivutwe na urahisi wa asidi. Mimi niliwahi kuwa na 3,3-dimethilibutani-2-oli, nikitaka kupata 3,3-dimethilibuti-1-eni, ambayo huchemka kwenye nyuzi 41 za Selsiasi. Nilitia asidi ya salfuriki, nikapasha moto taratibu, nikakaa kukitazama kipimajoto. Zebaki ilipita 41 bila kusimama, ikasitasita kidogo karibu na 56, kisha ikatulia kwenye 73, na hapo ndipo matone yalipoanza kudondoka kwa wingi. Nikadhani kipimajoto kimeharibika, nikakibadilisha, na kipya kikasema yale yale. Nilichokuwa nimekusanya ni 2,3-dimethilibuti-2-eni. Maji yalipotoka ilibaki kabokationi ya upili (kaboni yenye chaji chanya, iliyoungana na kaboni mbili), na kundi la methili lililokuwa kwenye kaboni ya jirani likahama ili chaji ikae mahali penye utulivu zaidi, kwa hiyo mpangilio wenyewe wa kaboni ulikuwa umebadilika kabla bondi maradufu haijaundwa. Nilipoteza alkoholi yote niliyokuwa nayo, na wiki mbili za kazi. Tangu hapo siipi asidi molekuli yoyote kabla ya kuchora kwanza kila kabokationi inayoweza kutokea.

Chipukizi_Maabara
Samahani kwa kutoeleza vizuri. Ninaanza na saikloheksanoni, na ninachotaka ni methilenisaikloheksani, yaani bondi maradufu iwe nje ya pete. Nilikusudia kuongeza methili kwa kitendanishi cha Grignard (chenye kaboni iliyoungana na magnesiamu), kisha niiondolee maji alkoholi itakayopatikana. Gramu 5 zinanitosha.

Mzee_wa_Kukeneka
Sasa tunazungumza. Njia hiyo ya Grignard itakupa 1-methilisaikloheksanoli, na ukiiondolea maji, zao kuu litakuwa 1-methilisaiklohekseni, yenye bondi ndani ya pete. Ndiyo kanuni aliyoitoa Zaitsev mwaka 1875: alkeni yenye vikundi vingi kwenye kaboni za bondi maradufu ndiyo inayotawala. Usitegemee kuzitenganisha baadaye kwa kukeneka, kwa kuwa unayoitaka huchemka kwenye nyuzi 103 na usiyoitaka kwenye 110 hivi. Wittig huiweka bondi palepale palipokuwa na oksijeni ya ketoni. Kwa kesi yako sioni hata sababu ya kulinganisha.

BondiPi
Mimi naiona sababu, Mzee. Kwa kila gramu 96 za alkeni hiyo, Wittig humwachia gramu 278 za taka, yaani oksidi ya trifenilifosfini. Kwa nini asinunue bromomethilisaikloheksani, akaitoa HBr kwa tert-butoksidi ya potasiamu? Hakuna kabokationi, kwa hiyo hakuna kuhamahama, na kaboni iliyobeba bromini ina jirani mmoja tu wa kutoa haidrojeni. Zao ni moja, na taka zake ni chumvi na alkoholi.

Zumaridi
Ndugu BondiPi, saikloheksanoni anayo tayari, lakini bromidi hiyo atalazimika kuiagiza. Tena gramu 5 za alkeni zinaacha gramu 15 hivi za oksidi, si mzigo wa kutisha. Oksidi hiyo hutesa pale zao linapokuwa zito na kulazimu kuchujwa kwenye safu ya silika, ila alkeni hii ni nyepesi: ataikeneka, na oksidi itabaki chini ya chupa.

Nuru_ya_Kemia
Je, hawezi kutumia fosfoneti (aina nyingine ya kitendanishi cha fosforasi), kama katika mmenyuko wa Horner na wenzake? Taka zake huondoka kwa kuosha na maji.

Mzee_wa_Kukeneka
Dada Nuru, fosfoneti huhitaji kundi la kutuliza chaji hasi, kama esta au sianidi. Yeye anaongeza CH₂ tupu.

BondiPi
Chipukizi hajatuambia alkeni hiyo inakwenda wapi. Kama inakwenda kwenye asidi, ugomvi wetu wote hauna maana.

Chipukizi_Maabara
Nataka kulinganisha kuongeza maji kwa asidi na kwa haidroborisheni (kuongeza borani, kisha kuioksidisha ipatikane alkoholi).

BondiPi
Basi kwenye asidi alkeni zote mbili hupitia kabokationi ileile na kuishia 1-methilisaikloheksanoli. Tofauti iko kwenye haidroborisheni: ya nje ya pete hutoa saikloheksilimethanoli, ya ndani hutoa trans-2-methilisaikloheksanoli. Kwa hiyo usafi wa alkeni yako ndio uhai wa mradi, na hapo nakubali kwamba Grignard haifai. Bromidi yangu bado siiachi.

Nuru_ya_Kemia
Inapendeza kwamba Wittig na Brown, mwenye haidroborisheni, waligawana Tuzo ya Nobeli ya mwaka 1979. Mradi wako unawakutanisha tena.

Zumaridi
Mdogo wangu, chochote utakachochagua, kagua kwa NMR (kipimo cha sumaku kinachoonyesha haidrojeni zilipo kwenye molekuli) kabla ya kuendelea. Haidrojeni mbili za CH₂ ya nje huonekana karibu na 4.6 ppm, na ile moja ya ndani ya pete karibu na 5.4 ppm. Chombo nacho kisiwe na chembe ya asidi, maana itaisukuma bondi iingie ndani ya pete.

Chipukizi_Maabara
Nawashukuru sana. Naelekea Wittig, lakini maabara yetu haina butili-lithiamu. Je, tert-butoksidi ya potasiamu inatosha kutengeneza ilidi, yaani kitendanishi chenyewe cha Wittig?

Mzee_wa_Kukeneka
Inatosha kwa chumvi ya fosfoni yenye methili, ambayo ndiyo huzaa ilidi yako, mradi kiyeyushi kiwe kikavu. Ukiona rangi ya manjano imekolea, ilidi imepatikana. Mna gesi ya naitrojeni au agoni?

BondiPi
Angalieni, sasa tert-butoksidi atainunua kwa vyovyote. Chipukizi, ulizia pia bromidi ile kabla hujafunga orodha.