Papa wa vikwembe wa Kadutu amenitukana mbele ya soko zima!!

Watu wa Bukavu, simtaji jina na hakuna haja. Papa wa vikwembe, yule mwuza vitenge mwenye meza karibu na ngazi. Mnamjua. Nusu ya mji huu umeshalia kwa sababu yake.

Leo nimemwambia kwa heshima zote: papa, nikatie mita sita, ni za sare ya harusi ya mdogo wangu. Akavuta kitambaa, akaanza kupima kwa mkono, kiwiko mpaka ncha ya kidole. Na kidole chenyewe amekikunja! Akahesabu kumi na mbili, akashika mkasi. Nikasema papa, ngoja kwanza, mita iko wapi? Akaniangalia mbele ya watu wote, akasema: "Mita ni ya wazungu, mkono wangu ni wa Mungu."

Watu wakacheka. Wamama wa samaki wakacheka, hata samaki ndogo za sambaza kwenye mabeseni zilicheka.

Wa Mungu! Mkono kamili ni inchi 18, yaani sentimita 45.72. Mikono 12 ni yadi 6, na yadi 6 hazifiki hata mita tano na nusu. Hapo ni mkono ulionyooka, wake umekunjwa! Fundi cherehani ametandika utepe: mita 5 na sentimita 10. Nani atavaa hiyo?

Mbele ya watu. "Wa Mungu."

Mwana wa Ibanda: Pole ya. Mimi nilikuta amemwachia mtoto wake apime. Mtoto wa shule ya msingi! Ule sasa ni mkono wa malaika.

Mashuka: Dada, unaenda Kadutu bila utepe halafu unalia? Wacha akufundishe dini.

Mwenye uzi: Ninunue utepe wa kumpimia yeye bidhaa yake? Angesema "sina utepe" ningenyamaza. Alisema "wa Mungu"!!

Mwalimu wa Historia: Mzee huyo ana asili yake. Karne ya 19 misafara ya kutoka pwani ilileta kitambaa cha merikani huku Kongo kwa hesabu hiyohiyo: shuka mikono 4, doti mikono 8. Na wazungu nao walihangaika. Futi ya mfalme wa Ufaransa ilikuwa kama sentimita 32.48, ya Uingereza leo ni 30.48. Wafaransa wakachoka, wakapitisha mita kwa sheria mwaka 1799.

Mwenye uzi: Mwalimu, Wafaransa wameachana na futi ya mfalme wao, mimi nibaki na kiwiko cha papa wa Kadutu?

Mashuka: Kiwiko cha Mungu, dada. Soma vizuri.

Fundi wa Panzi: Kitambaa si kitu, njooni kwenye mbao. Unauziwa mbao ya mita nne, unafika nyumbani ni futi 12. Hiyo ni mita 3 na sentimita 66! Paa langu lina mwanya, paka wa jirani anaingia bila hodi.

Papa Mapacha: Na viwanja je? Nimeuziwa ishirini kwa ishirini, kwa hatua za mwuzaji. Upande wa jirani alirusha miguu, upande wangu akaanza kukwepa matope. Ilikuwa kiangazi!

Mwana wa Ibanda: Papa, mvua ikinyesha kiwanja chenyewe kitashuka kwa jirani, mtagawana.

Mwenye uzi: Jamani, harusi ni Jumamosi. Nani anamjua mtu mwenye kikwembe cha rangi ileile, ya bluu yenye ndege?

Mashuka: Hamjasema bidoni. Ya lita 20 siku hizi imebonyezwa pande zote. Kuna mtu amepata maji leo Nguba?

Papa Mapacha: Hapana. Bomba linapumua tu.

Fundi wa Panzi: Huku yanatoka. Njooni kabla ya saa kumi, foleni iko tayari.